Lili za ndani ya nyumba kipindi cha kipupwe: matumba yanadondoka, tatizo ni mwanga au mbolea?

Dirisha_Upanga

Habari zenu wapenda maua. Nina vyungu sita vya lili sebuleni, ghorofa ya tatu hapa Upanga. Vitatu ni Asiatiki za njano, vitatu ni Orientali za waridi aina ya Stargazer. Matunguu yalikuja yameshapitia ubaridi, yakapandwa mwanzoni mwa Mei ili maua yaangukie kipupwe, hewa ikiwa imepoa kidogo. Vyungu ni vya lita 5, udongo ni kokopiti (makumbi ya nazi yaliyosagwa) na mboji nusu kwa nusu.

Hali ya sasa, wiki ya saba: Asiatiki zimefika sentimita 90 wakati pakiti inasema 60, na zote zinalalia upande wa dirisha. Matumba yalitoka vizuri, yakafika kama sentimita 2, kisha yakageuka njano pale shingoni. Ukigusa tu, tumba linabaki mkononi. Orientali hazijadondosha kitu, ila majani ya juu kabisa, yale yanayolikumbatia tumba, yamejikunja na yana mabaka ya kahawia. Juu ya udongo kuna utando mweupe.

Mwanga: dirisha kubwa linaloangalia kusini, maana maelekezo karibu yote ya mtandaoni yanasema dirisha la kusini ndilo bora wakati wa baridi. Juu yake kuna tyubu moja ya LED wati 18, mita moja kutoka kwenye majani, inawaka saa 1 jioni hadi saa 5 usiku. Mbolea ni NPK 17-17-17, kijiko kimoja cha chakula kila chungu, kila wiki, tangu siku ya kupanda. Maji ni ya kisima cha jengo.

Nianzie wapi, mwanga au mbolea? Na matumba yaliyobaki yanaokoleka?

Fundi_Mwanga

Mkuu, anza na mwanga. Mbolea nayo ina shida kubwa, wenzangu wataisema, lakini tumba la Asiatiki linalokatika shingoni likiwa na sentimita 1 hadi 3 ni dalili ya mmea ulioishiwa sukari. Katika hatua hiyo shina linarefuka, majani yanatanuka na matumba yanakua, vyote vikigombania chakula kile kile kinachotengenezwa na majani. Mwanga ukiwa hafifu, tumba ndilo la kwanza kuachwa. Asiatiki ndizo dhaifu kuliko zote kwa jambo hili. Orientali huvumilia zaidi, ndiyo maana za waridi bado zimeshikilia.

Kuhusu dirisha: maelekezo uliyosoma yameandikwa kwa ajili ya Uholanzi, Uingereza au Marekani, ambako jua la majira ya baridi liko kusini na mchana wa Desemba unaweza kuwa wa saa 8 tu. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Juni na Julai jua letu linapita upande wa kaskazini, na mchana kwenye saa sita na nusu linakuwa kama nyuzi 60 juu ya upeo wa macho. Dirisha la kusini kipindi hiki halipati jua la moja kwa moja hata kidogo, linapata mwanga wa anga peke yake. Kwa hiyo umepanda maua ya kipupwe kwenye dirisha la Desemba.

Kingine, urefu wa mchana kwetu si tatizo. Mchana mfupi kabisa wa Juni ni kama saa 11 na dakika 40, mrefu wa Desemba kama saa 12 na nusu. Kinachokosekana ndani ya nyumba zetu ni nguvu ya mwanga. Nje jua likiwaka mchana ni karibu laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha nguvu ya mwanga). Hatua moja ndani ya dirisha lisilopigwa na jua, lenye nondo na wavu wa mbu uliojaa vumbi, unaweza kukuta laksi 1,000 au pungufu. Jicho linajirekebisha haraka, ndiyo maana sebule inaonekana ina mwanga wa kutosha.

Pima kabla ya kununua chochote. Weka programu ya kupima laksi kwenye simu, ilaze pale lilipo jani la juu kabisa, kioo kikiangalia juu, kwa sababu kihisi kiko karibu na spika ya sikioni. Namba haitakuwa na usahihi wa maabara, lakini tofauti ya 1,000 na 10,000 itaonekana bila ubishi.

Lengo lako liwe laksi 10,000 kwenye ncha za mimea kwa saa 16 kila siku. Hesabu yake: kwa LED nyeupe, kila laksi 70 ni takriban mikromoli 1 ya mwanga unaotumiwa na jani, kwa mita ya mraba kwa sekunde. Laksi 10,000 kwa saa 16 zinakupa kama moli 8 kwa siku. Ukifika 12 ni bora zaidi, lakini kwa 8 lili inabakiza matumba mengi. Linganisha na ulichonacho: tyubu moja ya wati 18 ikiwa mita moja juu inatoa kama laksi 500, na kwa saa 4 hiyo ni moli 0.1. Inakusaidia wewe kuona maua usiku, mmea hauna faida nayo.

Kama nyumba ina dirisha la kaskazini au baraza la mashariki, hamishia huko kwanza, ni bure. Jua la asubuhi hadi saa 4 ndilo salama, la magharibi linachoma na linapasha chungu joto. Angalia pia ukingo wa juu ya dirisha: ukitokeza sentimita 60, mchana wa Juni unatupa kivuli cha karibu mita moja ukutani, kwa hiyo chungu kilichoinuliwa juu kwenye kingo ya dirisha kinaweza kuwa gizani wakati cha chini kinapata jua. Na usihamishe kwa mkupuo. Majani yaliyokulia kwenye laksi 1,000 yakipigwa jua kali siku moja yanababuka. Wape wiki nzima, kila siku ukiongeza muda kidogo.

MamaVyungu

Fundi amemaliza upande wake. Mimi nizungumzie kijiko.

Kijiko cha chakula cha NPK ya punje ni kama gramu 15. Asilimia 17 ya hapo ni gramu 2.5 za nitrojeni. Lili ya kwenye chungu inataka maji yenye miligramu 130 hivi za nitrojeni kwa lita, tena ikiwa na mwanga mzuri. Kwa hiyo kijiko kimoja kinatosha lita 20 za maji, na wewe umekiweka chote kwenye chungu cha lita 5, kila wiki, kwa wiki saba. Ule utando mweupe ni chumvi ya mbolea pamoja na chumvi ya kisima. Lili ni miongoni mwa maua yanayoumizwa upesi na chumvi: mizizi inashindwa kuvuta maji hata udongo ukiwa umelowa, ncha za majani ya chini zinakauka, na matumba yanadumaa.

Kuna jambo watu wengi hawaelewi kuhusu lili. Tunguu lina akiba yake ndani ya magamba, na wiki tatu za mwanzo mmea unaishi kwa akiba hiyo. Mizizi itakayoulisha baadaye haitoki chini ya tunguu tu, inatoka pia kwenye shina, juu ya tunguu, ndani ya udongo. Hii mizizi ya shina ndiyo inayobeba kazi kubwa wakati wa kuotesha maua. Ukimwaga mbolea kali wiki ya kwanza unaiunguza ikiwa bado michanga. Ukipanda juu juu, haina pa kuotea. Juu ya kichwa cha tunguu kuwe na sentimita 10 za udongo, zikifika 15 ni sawa. Kama chungu chako kina nafasi, jazia sasa hivi.

Cha kufanya leo: kwangua tabaka la juu la sentimita 2 pamoja na punje zote zilizobaki, tupa. Peleka chungu bafuni au kwenye baraza, mimina maji safi lita 5 polepole, subiri nusu saa, mimina lita 5 nyingine. Chumvi iliyoyeyuka mara ya kwanza inatoka mara ya pili. Usitumie maji ya kisima kwa kazi hii. Tafuta ya mvua au ya bomba, na kama una kipima chumvi kile kidogo cha kuchovya, maji yasome chini ya 250. Visima vingi vya ukanda wa pwani vina chumvi ya bahari, na hiyo hakuna mbolea itakayoirekebisha. Acha chungu kichuruzike vizuri, toa sahani iliyo chini. Baada ya hapo, siku kumi bila mbolea yoyote.

Kisha anza upya na mbolea ya kuyeyusha. Kwa lita 10 za maji: kalsiamu naitreti gramu 6 na potasiamu naitreti gramu 3. Hapo unapata nitrojeni miligramu 130 kwa lita, kalsiamu na potasiamu zaidi ya 110 kila moja. Zote ziko kwenye maduka ya pembejeo, omba zile za kuyeyuka kabisa, na pima kwa mizani ndogo ya vito maana ya jikoni haishiki gramu 3. Mara moja kwa mwezi mpe magnesiamu salfeti gramu 10 kwa lita 10, lakini siku yake peke yake. Ukiichanganya na kalsiamu naitreti kwenye chupa moja ikiwa nzito, inaganda na kuwa kama plasta chini ya chupa, na mmea haupati hata kimoja.

Mwagilia yenye mbolea mara mbili, ya tatu iwe maji matupu, kila mara mpaka kama glasi moja itoke chini. Kidole kikiingia sentimita 3 na kukuta unyevu, subiri kesho. Fosforasi iliyobaki kwenye udongo wako kutokana na hiyo 17-17-17 itatosha msimu huu mzima.

Na hili ulishike: mpaka mwanga urekebishwe, tumia nusu ya dozi hiyo. Mbolea haizibi pengo la mwanga. Nitrojeni nyingi gizani inakupa shina refu, laini, lenye majani mapana na yasiyo na nguvu ya kulisha tumba.

Kijani_Kigamboni

Mimi ningeongeza DAP (mbolea ya amonia na fosfeti) kidogo kwa ajili ya maua, au fosfeti ya Minjingu ambayo ni ya hapa hapa nchini. Mahindi na nyanya vinaipenda. Kwa nini lili isiipende?

MamaVyungu

Ndugu yangu, shambani hakuna ubishi, Minjingu ni mbolea nzuri. Lakini ni mwamba wa fosfeti wenye floridi ndani yake, na lili ni kati ya maua yanayoathirika na floridi. Superfosfeti nayo ina shida hiyo hiyo. Dalili yake ni alama ya kahawia yenye umbo la mwezi mchanga karibu na ncha ya jani, ikianzia majani ya chini na ya katikati. Wanaofuga lili Arusha waangalie pia maji yao, maana maji mengi ya huko yana floridi ya asili. Kinga ni kuacha mbolea za mwamba, kuweka kalsiamu ya kutosha na kushikilia pH ya udongo kwenye 6.5 kwa Asiatiki na longiflorum (lili nyeupe za tarumbeta). Orientali zinataka chini kidogo, 5.5 hadi 6.5.

DAP na urea zina kasoro nyingine. Nitrojeni yake inakuja kama amonia au inageuka amonia kwanza, na kwenye chungu cha kokopiti bakteria wa kuigeuza kuwa naitreti ni wachache kuliko shambani. Ikirundikana inaunguza mizizi. Ndiyo maana dozi niliyotoa ni ya naitreti mwanzo mwisho.

Bwana_Shamba

Naona Orientali zimesahaulika. Yale majani ya juu yaliyojikunja ni ugonjwa tofauti na matumba ya Asiatiki, usiyatibu kwa dawa moja.

Ni upungufu wa kalsiamu kwenye jani changa, lakini mara nyingi kalsiamu ipo kwenye udongo. Kalsiamu inasafiri na maji tu, na maji yanakwenda pale jani linapopumua. Jani lililokunjwa kulizunguka tumba halipumui karibu chochote, na hewa ya Dar yenye unyevunyevu inalizuia zaidi. Seli zinakua bila kalsiamu, kuta zinakuwa dhaifu, zinapasuka. Siku ya mawingu ikifuatiwa na jua kali ghafla, mabaka yanatokea ndani ya siku moja au mbili. Stargazer ni maarufu kwa hili, na tunguu kubwa linaathirika zaidi kuliko dogo kwa sababu majani yanakua haraka kuliko mizizi. Kwako chumvi imeongeza tatizo kwa kubana mizizi.

Tiba ni hewa. Weka feni ndogo ya mezani mita moja na nusu kutoka kwenye vyungu, kasi ya chini, majani yatikisike kidogo tu, mchana kutwa. Usielekeze AC moja kwa moja kwenye mimea. Mwagilia asubuhi, siyo jioni, usiku majani yawe makavu, la sivyo ukungu wa kijivu utaingia kwenye yale mabaka na kuhamia kwenye matumba. Majani yaliyokwisha kuharibika hayaponi, yaache kama bado yana kijani. Tumba lenyewe likiwa zima, litafunguka.

Joto nalo lisisahaulike. Lili inapendelea nyuzi 15 hadi 20, na ikikaa juu ya 25 matumba yanapungua na maua yanakuwa madogo. Julai usiku wetu unashuka mpaka 19 au chini kidogo, kwa hiyo fungua madirisha usiku, itakusaidia kuliko kuwasha AC mchana.

Kitu cha mwisho kwa hizi Asiatiki: je, kuna bakuli la matunda sebuleni? Ndizi mbivu, maembe na mapapai vinatoa gesi ya ethilini, na moshi wa jiko la mkaa au wa jenereta nao unayo. Kiasi kidogo tu kwenye chumba kilichofungwa kinaangusha matumba ya Asiatiki, hasa yakiwa tayari yana njaa ya mwanga.

Dirisha_Upanga

Nawashukuru sana. Nimepima mwanga: ncha za Asiatiki zinasoma laksi 850 saa 7 mchana. Maji ya kisima 640 kwenye kipima chumvi. Bakuli la ndizi lipo mezani kweli, mita mbili kutoka kwenye vyungu, naliondoa. Dirisha la kaskazini ni la chumba cha watoto, haliwezekani. Kwa hiyo ni taa. Fundi, nahitaji tyubu ngapi, na umeme utakula kiasi gani?

Fundi_Mwanga

Eneo la sentimita 120 kwa 60 linatosha vyungu sita. Nunua tyubu sita za LED za futi nne, wati 18 kila moja, rangi nyeupe ya Kelvini 6500. Kariakoo zimejaa, ila chagua zenye maandishi ya lumeni kwenye boksi: chini ya lumeni 1,600 kwa tyubu, acha. Taa za zambarau zinazouzwa kama za mimea si lazima. LED nyeupe inafanya kazi, ina bluu ya kutosha kuzuia shina kurefuka ovyo, na inakuwezesha kuona rangi halisi ya jani unapotafuta ugonjwa.

Zifunge sambamba kwenye ubao mwepesi uliopakwa rangi nyeupe, nafasi ya sentimita 10 kati ya tyubu na tyubu. Ning'iniza ubao kwa minyororo miwili ili uweze kuupandisha. Pembeni weka ubao mweupe au foili, maana bila kuta mwanga mwingi unamwagikia sebuleni. Ukifanya hivyo, kwa sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye ncha utapata kati ya laksi 9,000 na 11,000. Pima katikati na pembeni. Kingo zitasoma pungufu, kwa hiyo zungusha vyungu kila baada ya siku mbili.

Mimea yako ina vimo tofauti. Ukiweka ubao kwa kimo cha Asiatiki, Orientali zitabaki gizani. Inua vyungu vya Orientali kwa matofali mpaka ncha zote zilingane, ndipo ushushe taa. Shina la Asiatiki lililorefuka halitarudi kuwa fupi, lifungie fito kwa kamba laini sehemu mbili, fito iingie pembeni mwa chungu isitoboe tunguu. Ncha za majani zikipauka kuwa nyeupe, pandisha ubao sentimita 5.

Taima ya soketi: iwashe saa 12 asubuhi, izime saa 4 usiku. Usiache usiku kucha. Umeme ukikatika saa mbili tatu usihangaike, mmea unahesabu jumla ya mwanga wa siku kadhaa, pungufu ya leo haiangushi matumba. Giza la wiki nzima ndilo linaloangusha.

Matumizi: tyubu 6 kwa wati 18 ni wati 108. Kwa saa 16 ni uniti 1.7 kwa siku, uniti 52 kwa mwezi. Kama LUKU yako iko kwenye tarifu ya matumizi madogo isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, piga hesabu kwanza, maana taa hizi zikijumlishwa na matumizi yako mengine zinaweza kukuvusha mpaka huo na bei ya kila uniti ikapanda. Njia ya kubana: taa zina umuhimu mkubwa tangu tumba linapoonekana mpaka linapofika sentimita 4 au 5. Kabla chipukizi halijatoka udongoni hazina kazi kabisa, zizime. Tumba likianza kupata rangi unaweza kushusha hadi saa 12 kwa siku.

Kuhusu usalama: hapo kuna maji na umeme pamoja. Ekstensheni isikae sakafuni, ifunge ukutani juu ya kimo cha vyungu, na kila waya ushuke chini kidogo kabla ya kupanda kuingia soketi, ili tone la maji likifuata waya lidondokee pale kwenye kona. Zima kabla ya kumwagilia.

Paka_Wawili_Sinza

Samahani kuingilia. Mimi nataka kuanza, ila nyumbani kuna paka. Nimesikia lili ni sumu kwao, ni kweli au ni maneno ya mtaani?

Bwana_Shamba

Ni kweli kabisa, na si sumu ndogo. Lili zote za kundi hili, Asiatiki, Orientali na longiflorum, zinaua figo za paka. Jani, ua, chavua aliyoilamba kwenye manyoya, hata maji ya chombo yalimokaa maua yaliyokatwa. Anatapika, anakataa kula, ndani ya siku chache figo zinasimama. Paka akionekana ametafuna, mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, usisubiri dalili. Kwa nyumba yenye paka ushauri wangu ni kutozifuga kabisa. Kuweka juu ya kabati hakusaidii, chavua inadondoka.

Dirisha_Upanga

Swali langu la mwisho. Nikimaliza msimu huu, matunguu haya niyatunze au niyatupe? Na kwa joto letu ningechagua aina gani?

MamaVyungu

Yatunze. Ua likinyauka, kata kichwa chake tu, acha shina na majani yote. Endelea na taa na dozi ile ile ya mbolea kwa wiki sita hadi nane, hapo ndipo tunguu linajaza akiba. Majani yakianza kupata njano, acha mbolea, punguza maji taratibu mpaka yakauke yenyewe. Chimbua, lakini usiyaanike juani. Tunguu la lili halina ganda la nje kama kitunguu maji, magamba yake yananyauka haraka.

Yafungie kwenye mfuko wenye matundu pamoja na kokopiti yenye unyevu kiasi, ukiikamua mkononi lisitoke tone. Weka kwenye friji nyuzi 2 hadi 5, kamwe si kwenye friza. Asiatiki wiki 6 hadi 8, Orientali 8 hadi 10. Kila wiki mbili fungua, toa lenye ukungu. Friji hiyo isiwe na matunda, kwa sababu ile ile ya ethilini. Bila ubaridi huo, hapa Dar litaota hovyo, kila moja kwa wakati wake, au lisitoe ua kabisa. Tegemea maua machache kuliko mwaka wa kwanza, tunguu lililokulia chini ya taa hurudi likiwa dogo.

Bwana_Shamba

Kwa aina, jaribu Lilium longiflorum, zile nyeupe ndefu kama tarumbeta. Asili yake ni visiwa vya Ryukyu vya Japani na Taiwan, huvumilia joto kuliko Orientali, na ubaridi wake ni wiki 6 tu kwenye nyuzi 4 hadi 7, ambayo droo ya mboga ya friji nyingi inafikia bila shida. Tena mwanga wa siku ndefu unaweza kufidia sehemu ya ubaridi uliopungua, ukianza mara tu chipukizi linapotokeza. La pili ni chotara za LA, yaani longiflorum na Asiatiki: zina nguvu zaidi na zinadondosha matumba kidogo kuliko Asiatiki halisi. Chagua tunguu la mzingo wa sentimita 14 hadi 16, linatosha chungu cha lita 5. Kubwa zaidi kwenye mwanga wa ndani linatoa matumba mengi ambayo halitaweza kuyalisha.

Ukiagiza kutoka nje, matunguu ni mimea hai, yanahitaji kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea. Anzia TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, kabla ya kulipa, maana mzigo usio na karatasi hizo unaweza kuzuiwa uwanja wa ndege, na tunguu lililokaa siku kadhaa kwenye joto la ghala linakuwa limepoteza ubaridi wote uliolipia. Yapange yafike Aprili mwishoni, yapandwe ndani ya siku mbili, na wiki tatu za kwanza chungu kikae sehemu yenye ubaridi kuliko zote ndani ya nyumba, sakafuni kwenye vigae, mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni. Udongo ukiwa wa joto wakati huo, chipukizi linakimbia juu kabla mizizi ya shina haijatoka, na matumba yake utayaokota mapema hata kama taa ni sita.

Dirisha_Upanga

Nimeelewa. Vyungu vyote sita viko bafuni sasa, vinapitishwa maji ya bomba mara ya pili, yamesoma 130. Asiatiki mbili zimebakiza matumba manne manne yenye kijani mpaka shingoni, ya chini ya sentimita 1. Tyubu nanunua kesho.

Fundi_Mwanga

Ya chini ya sentimita 1 yana nafasi nzuri. Anza na ubao ukiwa sentimita 40 juu kwa siku tatu, kisha shusha 10 kila siku mbili mpaka ufike 20. Yale yenye njano shingoni yakate mwenyewe leo, yasiendelee kunyonya sukari ya mengine.